Kona ya Mwalimu: Mama aliyeacha mtoto mdogo nyumbani akapanda angani



Posho iliyopita, tulipokuwa tunahesabu feza za likelemba, mama mmoja aliniuliza neno ambalo sikulijibu vizuri. Binti yake amemaliza mwaka wa nane na sasa lazima achague opsyo. Pointi zake za hesabu zinapita za kaka zake wote, na mtoto mwenyewe anataka sayansi. Mama akasema: "Mwalimu, sayansi itamfikisha wapi? Kesho ataolewa, atazaa. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kazi za mbali. Heri ajifunze kushona. Atashona nyumbani, mtoto akiwa kando yake."

Wamama wengi waliitika. Mimi nikasema tu, "Tutaona, mama," kwa sababu saa ilikuwa imekwenda. Tena, niseme kweli, neno lake lilinigusa hata mimi. Nina watoto wawili, na siku zile nilipokuwa nasoma Lubumbashi kutafuta diploma yangu ya ualimu, mkubwa wangu alibaki huku kwa mama yangu. Niliporudi likizo ya kwanza, alinikimbia kama mgeni. Basi leo najaribu kujibu vizuri, na nitaanzia kwenye telefone.

Mnajua namna tunavyotafuta rezo. Hapa mjini afadhali, lakini ukitoka kidogo, ukishuka na njia ya Luvua, kila kijiji kina kichuguu chake au mti wake wa rezo. Mdogo wangu alishikwa na uchungu usiku, katika kijiji kimoja kule, na damu ikawa inatoka nyingi. Mama yangu, na miguu yake ile ya kuvimba, alipanda kichuguu na telefone mkononi, akainua mkono juu, mara akapata kamstari kamoja. Akamwita kijana wa pikipiki. Kijana akaja, wakafika maternite alfajiri. Mdogo wangu yuko hai, na mtoto anaitwa jina la bibi yake. Toka siku ile mimi siiti rezo mchezo wa vijana.

Sasa, sauti ya mama ilipita wapi? Kutoka telefone yake ilikwenda kwenye mnara. Watu wengi wanafikiri kutoka mnara mmoja kuna waya mpaka Lubumbashi na Kinshasa. Pahali pengine ni kweli, kuna waya, au minara inarushiana sauti mmoja kwa mwingine. Lakini minara mingi ya mashambani katika inchi yetu ina sahani kubwa inayotazama juu. Sahani ile inazungumza na satelite, yaani mashine inayozunguka dunia, iliyobeba antena na vioo vya kukamata umeme wa jua. Satelite inapokea sauti, inaitupa chini pahali pengine.

Iko mbali gani? Satelite za kazi hii, zile za siku nyingi, ziko karibu kilometa 36,000 juu yetu. Ni kama mtu apande ndege Kinshasa mpaka Lubumbashi na kurudi, mara 12. Kwa nini mbali hivyo? Kwa sababu kwa umbali ule satelite inazunguka dunia kwa muda wa siku moja, sawasawa na dunia yenyewe inavyojizungusha. Basi sisi tunaiona kama imesimama pahali pamoja, na sahani inaweza kuitazama bila kugeuka. Na kwa kuwa njia ni ndefu, ukisema "halo" unangoja kidogo kabla ya mwenzako kujibu. Wakati mwingine mwenzako hajakasirika: sauti yako bado iko njiani.

Watu walizifikisha namna gani kule? Zamani na leo, nyingi zinapelekwa na roketi isiyo na mtu ndani. Lakini kwa miaka michache, Wamarekani walikuwa wanazipeleka na watu. Walikuwa na chombo kinachopanda kama roketi na kurudi kama ndege, chenye sanduku kubwa la mizigo mgongoni. Kazi ile ilianza Novemba 1982, wakati watu wanne walipotoa satelite mbili za biashara kutoka kwenye chombo kilichoitwa Columbia. Chombo chenyewe hakifiki kilometa 36,000. Kinakwenda kilometa mia tatu hivi tu. Hapo watu wanafungua milango ya sanduku, wanaitoa satelite polepole ikiwa inajizungusha kama pia ya watoto, wanasogea mbali, kisha satelite inawasha mota yake na kuendelea na safari peke yake.

Na hapa ndipo ninapotaka kumfikisha yule mama wa posho iliyopita.

Tarehe 8 Novemba 1984 chombo kilichoitwa Discovery kiliondoka Florida, Marekani, na watu watano ndani. Wanaume wanne, na mwanamke mmoja, Anna Fisher. Alikuwa muganga wa hopitali, wa wagonjwa wa haraka, tena alikuwa amesoma kemia. Mwaka 1978 alichaguliwa pamoja na wanawake wengine watano, wale sita wa kwanza ambao Marekani iliwatayarisha kwa kazi ya angani. Wakati walipompa jina katika safari hii, alikuwa na mimba, karibu kuzaa. Alizaa binti mwezi wa Julai 1983. Hakuacha kazi. Alijifunza, akarudia mazoezi, na siku ya kuondoka mtoto hakuwa amefikisha mwaka mmoja na nusu. Anna Fisher ndiye mama wa kwanza katika dunia yote kupanda angani.

Tena angalieni kazi aliyoikwenda kufanya, maana si kupunga mkono kwenye dirisha. Kwanza walitoa satelite mbili za mawasiliano: moja ya inchi ya Canada, nyingine ya kutumiwa na jeshi la majini la Marekani. Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Mwezi wa Februari mwaka uleule, safari nyingine ilikuwa imetoa satelite mbili, na zote mbili mota zao zilikuwa zimekosa kuzipandisha. Zilibaki zinazunguka chini, bila kazi, mali ya mamilioni ya dola iliyopotea. Moja iliitwa Westar 6, ya kampuni ya Marekani. Nyingine ni Palapa B2, ya inchi ya Indonesia. Inchi ile ni visiwa maelfu na maelfu. Kutandika waya toka kisiwa mpaka kisiwa ni taabu kubwa, sawa na taabu yetu ya misitu na mito, ndiyo maana waliitafuta satelite mapema.

Basi Discovery ilikwenda kuzitafuta zile mbili na kuzirudisha nyumbani. Wanaume wawili, Joe Allen na Dale Gardner, walitoka inje wakiwa wamevaa mavazi ya angani. Anna Fisher alibaki ndani akiongoza mkono wa chuma, mrefu kama mita 15, wa kuwashika wenzake na mizigo. Akikosea kidogo, anamgonga mwenzake. Kwa satelite ya kwanza, kile chuma walichotayarisha cha kuishikia kilikataa kuingia. Ikabidi Joe Allen aishike kwa mikono yake, juu ya kichwa, karibu dakika 90, wakati mwenzake anafunga vyuma upande wa chini. Kwa dakika hizo 90 chombo kilikuwa kimeizunguka dunia yote mara moja. Angani kitu hakina uzito kama hapa, lakini kikianza kusogea ni vigumu kukisimamisha, basi alipaswa kutulia kabisa. Nilipowasimulia wanafunzi wangu, msichana mmoja wa nyuma alisema: "Mwalimu, ni kama kushika mtoto wa homa usiku kucha, usimwamshe." Nilimwambia ndiyo, ni hivyo hivyo.

Walirudi tarehe 16 Novemba na satelite zote mbili ndani ya sanduku. Zilitengenezwa, na mwaka 1990 zote mbili zilipandishwa tena, zikafanya kazi. Anna Fisher alirudi kwa mtoto wake.

Mtoto alibaki na nani? Hapa naomba wamama msomee baba watoto sehemu hii kwa sauti. Mume wake, Bill Fisher, naye ni muganga, na yeye pia aliingia katika kazi ileile ya angani, miaka miwili nyuma ya mke wake. Mke alipokwenda, baba alibaki na mtoto. Mwaka uliofuata, Agosti 1985, ikawa zamu ya baba. Chombo kilekile, Discovery, kilikwenda kutoa satelite tatu na kutengeneza nyingine iliyokufa angani, na Bill Fisher ndiye mmoja wa wawili waliotoka inje kuitengeneza. Safari hiyo mama ndiye alibaki nyumbani. Yule binti alikua, akasoma, akawa mwandishi wa habari wa televisheni. Hakuharibika.

Sasa sitaki kudanganya wamama kwa kusimulia upande mmoja. Kazi ile ilikuwa na hatari, na hatari ilikuja.

Wamarekani walisema: tumpeleke mwalimu, afundishe watoto akiwa angani. Walimu zaidi ya 11,000 waliandika kuomba. Alichaguliwa Christa McAuliffe, miaka 37, mwalimu wa sekondari, mama wa watoto wawili. Miaka yangu haiko mbali na yake, na mimi naandika ubaoni kama yeye. Tarehe 28 Januari 1986 alipanda katika chombo Challenger pamoja na wenzake sita. Sandukuni walikuwa wamebeba satelite ya mawasiliano. Sekunde 73 baada ya kuondoka, chombo kilivunjika hewani. Wote saba walikufa, na watoto wa shule wengi wa Marekani walikuwa mbele ya televisheni wakimwangalia mwalimu.

Sababu yake ilikuwa nini? Mipira, wamama. Mipira ya kufunga maungio ya roketi za pembeni, kama ule mpira wa kifuniko cha kasirole ya presha. Usiku ule ulikuwa wa baridi kali, na mpira wa baridi unakuwa mgumu, hauzibi. Mafundi waliijua hatari. Usiku wa kuamkia siku ile walisema: tusiondoke, baridi imepita kiasi. Wakubwa wao waliwashinda kwa maneno, kwa sababu safari ilikuwa imekwisha kucheleweshwa mara nyingi na watu wanangoja. Nadhani sisi wanawake tunaijua habari hii. Ni mara ngapi tumesema "pirogi hii imejaa, tungoje nyingine," wakatucheka?

Baada ya pale Marekani ilikata neno: satelite za biashara zisipelekwe tena na watu, ziende na roketi tupu. Roho ya mtu isiwekwe rehani kwa mzigo ambao mashine inaweza kuupeleka peke yake. Nafikiri ni neno la haki, hata kama walilijifunza kwa kilio. Lakini hawakusema walimu au wamama wasiende tena. Mwalimu wa pili, Barbara Morgan, aliyekuwa amejifunza pamoja na Christa kama badala yake, aliona yote kwa macho. Alirudi shuleni kufundisha, akazaa, na Agosti 2007, miaka 21 nyuma, alipanda naye.

Labda mama atasema: mwalimu, hizo ni habari za Wazungu, sisi ni watu wa Pweto, watu wa samaki na bukari. Basi ngojeni kidogo.

Waulizeni wazee wetu juu ya roketi za Luvua. Mwaka 1975 wakubwa wa Zaire walianza mapatano na kampuni moja ya Wajerumani iliyoitwa OTRAG, na mwaka 1976 ikapewa inchi ya kujaribia roketi katika Shaba, karibu kilometa za mraba 100,000, mpaka mwaka 2000. Hebu fikirini: inchi ile inazidi Rwanda na Burundi ukizichanganya, na bado inabaki. Kambi yao ilikuwa kwenye uwanda wa Kapani-Tonneo, juu ya mto Luvua, mto uleule unaotoka katika ziwa letu la Moero hapa Pweto na kushuka kuelekea upande wa Manono. Ndege za mizigo zilitua pale juu.

Mkubwa wa kampuni, Lutz Kayser, alitaka roketi ya bei ndogo ya kupeleka satelite. Alichukua mabomba membamba ya chuma na kuyafunga pamoja kama mzigo wa kuni. Kufungua na kufunga mafuta alitumia mota ndogo za vifuta-mvua vya kioo cha gari. Aliyeongoza baraza la kampuni alikuwa Kurt Debus, mkubwa wa kwanza wa kituo kilekile cha Florida ambako Anna Fisher aliondokea baadaye. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ya pili iliruka Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, rais Mobutu mwenyewe alikuwa amekuja kuangalia. Ilipanda kidogo, ikageuka, ikaanguka. Inchi za jirani na Warusi walikuwa wanalalamika kwamba labda ni silaha inayojaribiwa. Mwaka 1979 Zaire iliwaambia waache, wakaenda zao Libya. Hakuna satelite hata moja iliyopelekwa angani kutoka Luvua.

Kwa nini nasimulia hiyo? Kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza: dunia ilikuja ikatafuta anga kutoka kwetu. Pahali petu ni pazuri kwa kazi ile, karibu na mstari wa kati ya dunia, ambako mzunguko wa dunia yenyewe unaisukuma roketi. Lakini mtoto wa kijiji cha Luvua aliyekuwa na akili ya hesabu mwaka 1977, mvulana au msichana, nani alikuwa amemfundisha ya kutosha aketi kwenye meza ya hesabu za roketi? La pili: karatasi ile iliandikwa mbali na watu wa Luvua. Leo tena watu wanakuja na karatasi: za madini, za mashamba, za kusimamisha mnara katika parsele ya mtu. Siku karatasi inapofika, ni vizuri awepo binti yetu mmoja anayejua kusoma kilometa za mraba, anayeweza kusema: mama, usiweke kidole bado, hii inapita kijiji chetu chote.

Sasa namrudia mama yule. Mama, ulisema mwanamke mwenye mtoto hawezi kazi za mbali. Naomba unihurumie nikikukumbusha: wewe mwenyewe, kila mwisho wa mwezi, unapanda lori na vikapu vyako vya samaki, unapita Kilwa, unapita Kasomeno, mpaka Lubumbashi. Mvua ikinyesha mnalala njiani siku tatu. Mtoto wako wa mwisho anabaki na dada yake. Anna Fisher alikuwa mbali na mwanawe siku nane. Wewe wakati mwingine unakaa posho mbili! Hakuna anayekuandika gazetini, lakini watoto wako wamekula na wamesoma kwa safari zile. Kwa hiyo swali letu si kama mama anaweza kwenda mbali. Sisi tunakwenda tayari. Swali ni binti zetu wakienda, waende na mzigo gani kichwani.

Kushona ni kazi ya heshima, sisemi vibaya. Nguo niliyovaa leo imeshonwa na mwanamke wa hapa, na anaishi vizuri. Mtoto anayependa kushona, ashone. Lakini mtoto anayependa hesabu asipelekwe kushona kwa sababu ya mtoto ambaye bado hajamzaa.

Najua pia ugumu. Sayansi ina miaka minne ya kulipa, na shuleni kwetu hatuna laboratwari. Umeme naufundisha kwa kuchora ubaoni, na betri ya tochi ambayo ni yangu mwenyewe. Sitaahidi kwamba binti yako atapanda angani. Labda atakuwa muganga kama Anna, labda atakuwa fundi wa ile sahani ya mnara, ambayo leo ikiharibika tunangoja fundi atoke mbali. Wakati tunamngoja, kuna mwanamke mwenye uchungu usiku, na mama yake yuko juu ya kichuguu.

Basi naomba mambo matatu. Jumamosi tukikutana, uje na bulteni ya mtoto, tuangalie pointi pamoja, na mtoto mwenyewe awepo, tumwulize. La pili, mlete baba yake, maana jambo la nani anabaki na watoto halikatwi na mama peke yake. La tatu ni kwa wamama wote: tuzungumze kama likelemba inaweza kuwa na kikapu kidogo cha pembeni kwa vitabu vya wasichana wa sayansi. Wakiwa watatu, kitabu kimoja kinawatosha wote.

Na mimi nitaleta ile betri ya tochi, na waya, nimwonyeshe binti yako kitu. Kwa posho ijayo wengi wameniuliza juu ya watoto wanaokataa kusoma kwa sauti. Tutazungumza juu ya hayo.

Kaeni salama.

Mwalimu wenu